Leta Kuukuu Kwanza

Wifi yangu ni mwoga. Nasema hivyo mchana kweupe, hata akiwepo mwenyewe, maana si siri na wala hakatai. Anaogopa radi. Anaogopa mbwa wa jirani, mbwa mzee asiye na meno hata ya kutafunia mkate. Akipika, sufuria haipiti nusu, eti itafurika izime moto, gesi itambae chumbani na kutumaliza sote. Lakini zaidi ya yote anaogopa magari, na hapo ndipo watu huangua kicheko, kwa sababu kazi yake ni kuuza spea za magari. Duka ni lake, liko kwenye mtaa wa magereji, katikati ya fundi matairi na jamaa wa kuchomelea vyuma. Kila asubuhi anakwenda kwa miguu. Ukimpa lifti anakushukuru sana, halafu anaendelea kutembea.

Siku moja nilimbana anieleze. Nikamwambia, wifi, wewe ni sawa na mpishi asiyethubutu kuonja chakula chake. Akanijibu kwamba sisi wengine tunaona rangi ya gari na viti vyake, lakini yeye anaona vile vidude vidogo vilivyoshikilia roho za watu, na anajua vinavyochakaa. Nikabadilisha mazungumzo.

Mtaani wanamwita Bi Kuukuu. Usidhani ni ajuza, nywele zake bado nyeusi kuliko zangu. Jina lilitokana na kauli yake. Mteja anakuja mbio na jasho, anataka filta ya oili, anataja gari lake, anataja mwaka, anaapa kwa marehemu wote wa ukoo wao kwamba ndiyo hiyo pale kwenye rafu. Wifi anamsikiliza mpaka amalize, kisha anasema, "Leta kuukuu kwanza." Yaani nenda kaifungue ile ya zamani, iweke hapa kwenye kaunta, niione kwa macho yangu. Bila hivyo huuziwi hata ukilia. Wapo waliomtolea maneno machafu wakaenda duka la pili. Wengi wao hurudi wakiwa wapole.

Na ana sababu. Gari jipya halina maneno, lina kitabu chake na namba zake. Gari kuukuu limepita mikono mingi, injini imebadilishwa, vipuri vimetolewa huku na kule, ukiamini kitabu umekwisha. Filta zenyewe kwa nje ni mapacha, mkebe uleule, rangi ileile. Moja meno yake ya kukazia ni membamba kidogo, inaingia mizunguko miwili inang'ata, wewe unadhani umekaza. Nyingine haina kile kipazia cha mpira cha ndani kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa, kwa hiyo kila asubuhi unawasha injini ikiwa kavu. Nyingine ni ndefu kidogo tu, inagusa chuma cha usukani. Wifi anazijua zote kama watoto wa kuwazaa. Anashika kuukuu, anaigeuza mdomo juu, anapitisha kidole kwenye ringi ya mpira inayozunguka mdomo ule, ndiyo inayozuia oili isivuje. Kisha meno, kisha upana, kisha urefu. Ringi huwa ya kwanza siku zote. Sijawahi kumwona akibadilisha utaratibu huo, isipokuwa siku moja.

Sasa nikueleze habari za mama mkwe. Anaishi na wifi, na wifi ndiye anayemlisha, anayempeleka msalani, anayemsukia nywele. Shukrani yake ni ulimi. Mama mkwe alitaka binti yake awe karani wa benki, avae viatu vya kisigino na anukie maua, kumbe binti akaona afadhali mikebe na vyuma. Hajamsamehe mpaka leo. Kila jioni wifi akirudi, kabla hajavuka kizingiti, anapokelewa na sauti kutoka kwenye kiti: "Usinisogelee na hiyo harufu yako. Nenda kaoge kwanza." Naye anazunguka nyuma ya nyumba kimya kimya, anajisugua mpaka ngozi inawasha, anavaa nguo safi, ndipo anakuja kumsalimia mama yake. Tangu alipofungua duka ni hivyo hivyo. Nilimwambia ningekuwa mimi ningeshamjibu zamani. Akasema anamwogopa mama kuliko radi.

Macho ya mama mkwe yaliingia utando, yakawa yanaona mwanga na vivuli tu. Tulihangaika kupata nafasi ya upasuaji katika hospitali kubwa, kule bondeni, ng'ambo ya mlima. Tulisubiri miezi na miezi. Hatimaye tukaitwa, na tukaambiwa waziwazi kwamba anayekosa siku yake anarudi mwisho wa foleni. Mama mkwe alifunga mkoba wake siku nyingi kabla ya safari, kila siku akaufungua na kuufunga upya.

Mume wangu ndiye angempeleka, kwa gari lake. Gari hilo ni la zamani kiasi kwamba waliolitengeneza nadhani wameshastaafu wote, na mume wangu analipenda kuliko anavyonipenda mimi, hilo nimeshalikubali. Haruhusu fundi aliguse. Kila kitu anajifanyia mwenyewe, na kwa kujifanyia huko mambo mengine anayamaliza kiajabu. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ilikuwa inawaka na kuzima hovyo hovyo, ikawa inamkera, basi akabandika juu yake kipande cha utepe mweusi. Akasema sasa gari linakwenda vizuri.

Asubuhi ya safari tulipita dukani kumuaga wifi. Mimi sikuwa nasafiri, nilitaka tu kuwasindikiza mpaka pale. Wifi alizunguka gari, akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakiangalia. Uso ulimbadilika. Akamwambia mdogo wake kwamba oili imekuwa nzito na nyeusi kama masizi, na hawezi kumteremsha mama mlimani namna hiyo. Mume wangu akasema itasubiri akirudi. Wifi, ambaye hajui kugombana, siku hiyo aligombana. Alisimama mbele ya gari akasema hawaondoki. Mume wangu akapumua kwa nguvu, akavua saa, akatoa simu kwenye mfuko wa shati akaiweka kwenye kaunta, akajisokomeza chini ya gari juu ya kipande cha boksi.

Kumbuka hapo, maana mimi nimepakumbuka mara nyingi. Woga wake ndio uliolifungua gari lile. Kama angewaacha waende na oili yao chafu, huenda wangefika bila neno.

Filta ilikataa kutoka. Nilimsikia mume wangu akiguna huko chini, akitukana kwa sauti ndogo kwa sababu mama yake yumo garini. Mwishowe akaomba spana ya mnyororo, akaivuta, ikatoka kwa kishindo kidogo kama kifuniko cha chupa. Akampa dada yake juu, inachuruzika. Wifi akaiweka kwenye sinia mdomo chini ili imalize kumwaga, akageukia rafu. Alitoa filta tatu zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, akazipanga, akaanza kuzikagua. Pale ukutani ana ubao wenye shingo za chuma alizozikata kwenye injini zilizokufa, kila shingo na meno yake, na hapo ndipo hupimia. Kazi hiyo haina haraka, mwenyewe huifanya huku akinong'ona.

Mama mkwe akapiga honi. Alijinyoosha kutoka kiti chake, akapapasa usukani mpaka akaipata, akaikandamiza na hakuutoa mkono. Mtaa mzima uligeuka. Kisha akapaza sauti: "Wewe unachambua nini huko? Tukimkosa daktari, upofu wangu uko juu yako."

Niliona mabega ya wifi yakipanda. Aliinyakua kuukuu kutoka kwenye sinia, na badala ya kuigeuza mdomo juu akaizungusha moja kwa moja kwenye shingo moja ukutani, ikaingia laini. Akaitoa, akairudisha kwenye sinia mdomo chini. Akachukua filta mpya, akaijaribu kwenye shingo ileile, ikaingia vilevile. Akapima upana kwa kiganja. Akapaka oili safi kwenye ringi mpya kwa kidole, akampa mdogo wake. Ilikuwa filta sahihi kabisa, na mpaka leo nitaapa hivyo. Mume wangu akaikaza, akamimina oili mpya, akawasha. Wifi akapiga magoti kwenye vumbi, akachungulia chini muda mrefu. Pakavu. Hakuna hata tone.

Alikwenda dirishani kumuaga mama yake, akasimama hatua kadhaa mbali kama alivyozoea. Mama mkwe akasema akirudi na macho mapya asimkute na uchafu ule. Wifi akacheka kidogo, kicheko cha kumeza kitu. Gari likaondoka.

Tukanywa chai. Tulipiga soga za kawaida, na mimi nilikuwa nimeanza kumchamba mume wangu kuhusu ule utepe wake. Wifi alisimama kukusanya takataka, akachukua ile kuukuu kwenda kuitupa kwenye pipa. Njiani akaigeuza, mazoea tu ya mkono. Akasimama katikati ya duka. Akapitisha kidole kwenye mdomo wake, akakipitisha tena. Kisha akaniita, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani ameumwa na kitu.

"Wifi, haina ringi."

Sikuelewa. Nikamuuliza si ni takataka hiyo, ringi ya nini tena. Alikuwa ameshainua sinia, amepekua gazeti lililokuwa chini yake, amepiga magoti chini ya kaunta. Alitoka nje akalala kifudifudi pale gari lilipokuwa, akapapasa mafuta na vumbi kwa viganja. Alipekua mpaka lile pipa, akilimwaga lote barazani. Ndipo akanieleza. Ringi ya zamani ikichoka hugandana na injini. Ukitoa filta, yenyewe inabaki kule juu, nyeusi juu ya weusi, huioni. Ukikaza filta mpya, unakaza ringi juu ya ringi. Mwanzoni inashika, hata ukichungulia haivuji. Injini ikipata moto na kasi, ringi mbili zinateleza, moja inachomoka, na oili yote inatoka kwa mkupuo. Injini inanoki, inakamatana kama jiwe. Usukani unakuwa mzito kama umefungwa kamba, na breki ukikanyaga mara mbili tatu hazina nguvu tena.

"Nao wako kwenye mteremko," akasema.

Nami nikaanza kutafuta, nikalala chini na nguo zangu za kutokea, nikipapasa uchafu kama kichaa, nikimwomba Mungu anipe kipande cha mpira. Kingekuwepo pale chini, mume wangu angekuwa salama. Hakikuwepo. Nikachukua simu yangu, nikampigia. Tukaisikia ikiita humuhumu dukani. Simu yake ilikuwa kwenye kaunta, chini ya kitambaa cha kufutia mikono, inaita na kutikisika, na jina langu limeandikwa kwenye kioo.

Nikakaa kwenye kreti. Nikakumbuka ule utepe mweusi. Hata taa ikiwaka mpaka ipasuke, hataiona. Nikamwambia wifi maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia kwamba kiherehere chake ndicho kimewaua. Alikuwa anafunga vitu kwenye mfuko: mkebe wa oili, filta nyingine ya aina ileile, spana ya mnyororo, vitambaa. Mkebe ukamponyoka ukaniangukia mguuni, na sikusikia maumivu. Kisha akatoka akamwomba fundi matairi atupeleke kwa pikapu yake.

Fundi matairi anaongea kama cherehani, ukimsalimia umepoteza asubuhi. Alituangalia nyuso zetu, akachukua ufunguo, hakuuliza. Mimi nikapanda. Wifi akabaki amesimama ameushika mlango wa pikapu, anaangalia ndani kama mtu anayeangalia kisima. Nilitaka kumpigia kelele. Lakini niliona midomo yake imepauka na shingo yake inaruka mshipa, na nikaelewa kwamba mwili wenyewe umemkatalia. Nikamshika mkono. Akafumba macho, akaingia, akaubana mfuko kifuani.

Njia ya kutoka mjini ilikuwa kavu na safi. Tulipita makazi, tukapita viwanda vya matofali, nami nikaanza kujidanganya kwamba labda ringi ilianguka mahali tusipopaona. Kisha barabara ikaanza kuinama, na fundi matairi akanyoosha kidole. Kwenye lami palikuwa na doa jeusi, mbele yake lingine, na mbele zaidi jingine. Yalikuwa yanang'aa. Wifi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Usiombe yakukute. Unafuata matone ya oili barabarani na unajua kila moja limetoka wapi. Yalikuwa yakikaribiana. Yakawa mstari. Mstari ukanenepa, ukawa unayumba huku na huku, na mimi nikawa najiuliza anayumba kwa nini, ameshindwa usukani au anakwepa mashimo. Malori yalikuwa yanashuka mbele yetu na nyuma yetu, yamesheheni, yanapumua moshi. Nilimwona mume wangu katika kila kona. Nilimwona akikanyaga breki na mguu ukizama mpaka chini. Nilimwona mama mkwe asiyeona kitu, akiuliza kuna nini, asijibiwe. Wifi hakuangalia barabara hata mara moja, alikuwa ananong'ona. Nilidhani anaomba dua. Nilipomwinamia nikasikia anasema ringi, meno, upana, urefu. Ringi, meno, upana, urefu.

Mbele tukaona watu. Kundi limesimama kwenye kingo za chuma za kona, wote wanaangalia chini bondeni, wengine wamejishika vichwa. Na mstari wa oili ulielekea palepale.

Fundi matairi alisimamisha gari. Mimi ndiye niliyeshuka, kwa sababu wifi hakuweza kusogeza hata kidole. Sijui nilitembeaje. Ilikuwa njia fupi na nilidhani haitakwisha, na nilishasema moyoni nitakayowaambia watoto. Nikamgusa bega mtu wa kwanza, nikamuuliza kuna nini huko chini. Akageuka, anatabasamu. Akaniambia lori limeangusha magunia ya vitunguu, yamepasuka, vitunguu vinabingirika mpaka mtoni, na mwenye mali yuko huko chini anavikimbiza. Nilitaka kumpiga kibao. Nilitaka kumkumbatia pia. Nikaangalia lami na nikaona mstari umepita pembeni yao, unaendelea.

Tulikwenda tena, polepole. Baada ya kona ile barabara inapanuka kidogo, pana nafasi ya malori kupozea breki kabla ya kipande kile kikali kuliko vyote, kile ambacho wenyeji hukipita wamenyamaza. Gari lilikuwa pale. Boneti juu, pua imegusa ukuta wa mawe, na chini yake dimbwi jeusi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kipande cha ukuta, mkoba magotini, uso kwenye jua. Mume wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, mikono meusi mpaka viwikoni, na aliponiona akainuka.

Nilimkimbilia nikampiga ngumi ya kifua, kisha nikalia mpaka nikakosa pumzi. Wakati nalia akawa ananieleza. Alisema mama alikuwa amesinzia tangu mjini. Walipokaribia hapa akaamka ghafla, akageuza uso huku na huku, akamwambia asimamishe gari, dada yako yuko hapa. Mume wangu akacheka, akamwambia mama, dada tumemwacha dukani. Mama akasema harufu ya mwanawe anaijua, na hatadanganywa nayo na mtu. Mume wangu akadhani ni uzee. Akaendelea kwenda. Hapo mama akamkamata mkono wa usukani kwa kucha zote, gari likayumba, akamwambia, "Simamisha. Dada yako yuko humu na hujamfungulia mlango."

Akasimama kumridhisha tu. Alitaka kumfungulia mlango wa nyuma, mama aguse kiti kitupu kwa mkono wake mwenyewe, waendelee. Aliposhuka ndipo akaona moshi. Oili mpya ilikuwa inarukia bomba la moto la injini na kuungua. Alichomoa kijiti cha kupimia, kikatoka kikavu. Alituonyesha kwa kidole kipande kile cha barabara kilichokuwa mbele yake, kinachoanguka kama ngazi.

Nikageuka kumtafuta wifi. Alikuwa ameshuka kwenye pikapu na kusimama hatua kadhaa kutoka kwa mama yake, palepale anaposimamaga siku zote. Shati lake lilikuwa limeloa oili na vumbi kifuani na mabegani kote, kutokana na kulala chini akitafuta ile ringi. Mfuko alikuwa ameukumbatia bado. Upepo ulikuwa unatoka upande wake.

Mama mkwe akainua pua. "Ni yeye huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona unasimama mbali?"

"Sijaoga, mama."

Lori lilipita, likatutikisa, na mama mkwe akangoja mpaka kelele zake ziishe.

"Nani amekuuliza habari za kuoga," akasema. "Njoo hapa."

Wifi alikwenda kama mtoto aliyeitwa kuchapwa. Mama yake akampapasa uso, akampapasa shingo, akafika kwenye lile shati lililoloa, akalishika kwa mikono yote miwili na kuzamisha uso wake ndani. Alivuta pumzi. Kisha akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu aliyekosa hewa. Wifi alisimama mikono imening'inia, haijui iende wapi, anasema mama utachafuka, mama utachafuka. Mama hakumwachia.

Wifi ndiye aliyelala chini ya gari mara hii, hakukubali mtu mwingine. Alisubiri injini ipoe, akafungua filta, akaingiza kucha zake juu kule na kuibandua ile ringi ya zamani, imekauka, nyembamba, haijai hata kiganja. Akafuta pale mahali mpaka pakang'aa. Alichukua filta mpya, akaigeuza mdomo juu, akapitisha kidole, na safari hii mama mkwe hakumharakisha. Wifi akaikaza, akamimina oili ya ule mkebe, na injini ilipowashwa ilikohoa kidogo, ikatulia. Mimi nilifungua mlango wa mbele, nikabandua ule utepe mweusi kwenye dashibodi, nikaubandika kwenye paji la uso la mume wangu. Aliuacha hapohapo.

Daktari alikuwa bado anangoja. Lakini mama mkwe alikataa kupanda mpaka binti yake apande, na akakataa kiti cha mbele. Wifi aliangalia barabara inavyoanguka, akaniangalia mimi, machozi yakimlengalenga kwa woga. Kisha akainama akaingia nyuma. Mama yake akaingia baada yake, akamshika mkono wa shati asije akabadilisha mawazo.

Mimi na fundi matairi tulisimama kuwaangalia wakishuka, mume wangu akienda kwa gia ndogo kama amebeba mayai. Kupitia kioo cha nyuma niliviona vichwa viwili. Wifi alikuwa amekaa wima, amekazia macho mbele, anaogopa kila jiwe. Mama mkwe alikuwa ameshalala, na kichwa chake kilikuwa begani kwa binti yake, palepale penye doa.